Trakta haiinue jembe: tuangalie nini mbele ya kununua pompi



Saizoni A inakaribia. Mvua ya mwezi wa tisa ikilainisha udongo mu bonde la Ruzizi, kila mtu anataka shamba lake lilimwe ile wiki, na trakta ya koperative ni moja. Siku ile ndiyo mikono ya nyuma inakataa kuinua jembe. Fundi anaitwa, anazunguka dakika tano, anasema: "Pompi imekufa." Komite inahesabu franka, watu wanaulizana nani atatoa, na siku za kupanda zinapita. Lakini mara mingi ile pompi iko mzima. Ni kitu cha bei kali sana mu idroliki yote, ndiyo maana tunataka muifikie mwisho.

Tuanze na ginsi inafanya kazi. Moteri inazungusha pompi. Pompi inavuta mafuta kupitia filtri, inayasukuma mpaka kwa valvu ya ile levye iko kando ya kiti. Shofere akiinua levye, mafuta yanaingia mu silinda, pistoni inasukumwa, mikono inapanda. Akishusha levye, pompi haifanye kitu: ni uzito wa jembe wenyewe unarudisha mafuta. Huu mpango wa kufunga jembe kwa sehemu tatu ulitoka kwa Harry Ferguson, mtu wa Ayalandi, na trakta yake iliyouzwa nao ilitoka mwaka 1936. Trakta ndogo za leo, za Japani, India ao China, zinafuata uleule. Kwa hiyo haya tunayoandika yatawafaa hata kama alama ya trakta yenu ni ingine.

Neno moja la usalama, na hapa hatutanii. Mtu asiingie chini ya jembe lililoinuliwa, hata kama moteri imezimwa. Mukitaka kufungua kitu, shusheni jembe chini kabisa kwanza. Na mukitafuta mahali mafuta yanapotoka, hapana kupapasa tiyo na mkono. Mafuta yanafanya kazi na nguvu ya bar zaidi ya 100, wakati mupira wa gari ndogo uko na bar 2 hivi. Yakitokea mu tundu kama la sindano, yanapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo, haikiumi sana, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Pitisha kipande cha kartoni ao ubao. Kama mtu amepigwa, apelekwe hospitali saa ileile, asingoje kesho.

Sasa mafuta. Wekeni trakta mahali sawa, jembe chini, moteri imezimwa, kisha muangalie kijiti cha kupimia. Kwa nini jembe chini? Juu jembe likiwa juu, mafuta mingine iko mu silinda, na kijiti kitawadanganya. Kwa trakta ndogo nyingi, mafuta ya idroliki ndiyo yaleyale ya gia, na iko aina yake imeandikwa mu kitabu cha trakta. Mafuta ya moteri haiko sawa nayo. Bido la bei rahisi la sokoni linaweza kuwa sababu ya ugonjwa wote.

Muangalie na rangi. Mafuta meupe kama maziwa yameingiliwa na maji: trakta inalala mvuani, inaoshwa mutoni, ao kifuniko kimepasuka. Hapo ni kumwaga yote, kubadilisha filtri na kuweka mapya. Mafuta yenye povu yanaonyesha pompi inakunywa hewa. Kazeni vikazo vya tiyo ya kuvutia, na muangalie mipira ya mviringo kwenye maungio.

Filtri ndiyo tunaipenda kuliko vyote, sababu ni rahisi na watu wanaisahau. Vumbi ya kiangazi na vipande vya chuma vinaiziba, pompi inakosa mafuta, inaanza kulia kama mbu. Kama asubuhi mikono inapanda polepole, na mafuta yakipata moto inakuwa sawa, fikirini filtri ao mafuta mazito kupita kiasi. Kama ni kinyume, asubuhi inainua vizuri na saa sita inashindwa, mafuta yamelegea na yanapita ndani mahali pameisha: pompi, valvu ao mpira wa pistoni. Shofere ndiye anajua mambo haya. Muulizeni mbele ya kumuita fundi.

Ondoeni jembe, mujaribu mikono mitupu. Ikipanda vizuri bila mzigo na kushindwa na mzigo, nguvu inapotea: valvu ya usalama imekwama wazi, ao pompi imechoka. Ao jembe ni zito kuliko trakta, sababu tumeona watu wanapanda juu ya haro kama vile ni taksi! Isipopanda hata mitupu, piga magoti uangalie vyuma vinavyounganisha levye na valvu. Kipini kimoja kikianguka, levye inatembea na valvu haijui kitu. Ile ni kazi ya msumari na waya.

Shida ingine: jembe linapanda, lakini linashuka lenyewe. Kushuka kidogo mpaka asubuhi si ugonjwa. Kufika chini mu dakika kumi ni ugonjwa. Moteri ikiwaka, mutaona jembe linadundadunda, sababu valvu inalirudisha juu kila mara. Trakta nyingi ziko na kitufe cha kuzungusha chini ya kiti, kinachopunguza mwendo wa kushuka. Inueni jembe, fungeni kile kitufe kabisa, zimeni moteri, muweke alama ya chaki, musimame mbali. Likiendelea kushuka, mafuta yanapita mu silinda, mara mingi ni mpira wa pistoni. Likibaki, silinda iko mzima, ubaya uko kwa valvu ya levye. Kwa jaribio hili mumejua fundi afungue wapi, na hamutalipa kufunguliwa kwa yote.

Kile kitufe kinaleta na kichekesho: mtu akikifunga na kusahau, jembe haliwezi kushuka, na watu wanaanza kufungua silinda. Kizungusheni kwanza.

Mikono ikifika juu kabisa na mukisikia mlio mkali usioisha, valvu ya usalama inafanya kazi bila kupumzika. Shusheni levye kidogo. Mlio ukinyamaza, ni kipimo cha mwisho wa kupanda kinachotaka kurekebishwa. Mukiuacha, mafuta yatachemka.

Pompi tutaihukumu wakati mafuta ni mazuri, filtri ni mpya, hewa haiingie, vyuma vya levye viko sawa, na mikono bado haina nguvu. Na hata hapo, fundi apime kwanza bar na saa yake, muone namba na macho yenu, muilinganishe na ile ya kitabu. Fundi asiye na saa ya kupimia asiwauzie pompi.