SOMO: Mzee wa siasa na duru ya pili

Wengi wetu tunaikumbuka duru ya pili ya mwaka 2006, kati ya Kabila na Bemba. Katiba ilibadilishwa mwaka 2011, na rais wetu sasa huchaguliwa kwa duru moja. Kwingine duru ya pili ipo hata ndani ya chama, wanapomchagua mgombea wao. Tuangalie jimbo la Mississippi, Marekani.

Thad Cochran alichaguliwa seneta mwaka 1978. Katika mchujo wa chama cha Republican, tarehe 3 Juni 2014, Chris McDaniel, kijana kwake, alimtangulia kidogo bila kufikisha nusu ya kura. Zikabaki wiki tatu.

Mzee hakutegemea kuwageuza wafuasi wa mpinzani. Aliwatafuta waliobaki nyumbani duru ya kwanza, hasa Wamarekani weusi, ambao kwa kawaida hukipigia kura chama cha Democratic. Sheria iliwaruhusu, mradi hawakupiga kura katika mchujo wa chama hicho. Aliwakumbusha fedha za serikali alizolileta jimboni. Tarehe 24 Juni alishinda kwa kura zisizofika 8,000. McDaniel alikwenda mahakamani. Oktoba 2014 kesi ikakataliwa kwa kuwa aliichelewesha.

Wapo waliosema mzee aliwakumbuka weusi siku ya shida tu. Hatuoni ajabu.

Tujadiliane katika vikundi: kiongozi wa zamani akija kambini kuomba kura kwa mara ya kwanza, tumwulize nini kuhusu miaka aliyokwisha kutawala?