Pikipiki Inayozima Ikipata Moto: Uchunguzi wa Nyumbani

Ubovu wa pikipiki unaojirudia hata baada ya vipuri kubadilishwa mara nyingi hutokana na uchunguzi uliofanywa wakati dalili haipo, na mfano wake ulio wazi ni pikipiki ndogo za kabureta, kama zile za bodaboda, ambazo huwaka vizuri asubuhi, zikaenda kilomita kadhaa, kisha zikazima na kukataa kuwaka mpaka zipoe. Mwenye chombo hununua plagi, koili, hata kabureta nzima, ilhali hakuna aliyeipima injini ikiwa imezima na ingali ya moto.

Injini ya petroli huhitaji mchanganyiko wa petroli na hewa, cheche ya plagi kwa wakati wake, na mgandamizo, yaani kubanwa kwa mchanganyiko huo na pistoni ndani ya silinda. Uchunguzi huanza na petroli, kwa kuwa hauhitaji kifaa: injini inapozima, mfuniko wa tangi hufunguliwa mahali pa wazi pasipo moto wala sigara, na ikisikika hewa ikivutwa ndani, kisha pikipiki ikawaka baada ya muda mfupi, tundu la hewa la mfuniko limeziba na kinachohitajika ni kulizibua tu.

Cheche hupimwa kwa kufungua plagi, kuirudisha kwenye kofia yake na kugusisha uzi wake na chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo huweza kulipuka kiki inapopigwa. Cheche inayopotea injini ikiwa ya moto na kurudi ikipoa huelekeza kidole kwenye koili, ambayo nyaya zake za ndani zikiwa na ufa huachana kwa joto.

Petroli na cheche zikiwapo, hubaki mgandamizo, na hapo tapeti, yaani skrubu zinazosukuma valvu zifunguke, ndizo za kushukiwa, nazo ndizo zinazosahaulika zaidi. Tapeti iliyolegea hupiga kelele ikashughulikiwa, lakini iliyobana huwa kimya, na ukimya huo hudhaniwa kuwa afya ya injini. Kiti cha valvu kinapolika, nafasi kati ya tapeti na valvu hupungua. Joto linapoirefusha valvu, haifungi sawasawa na mgandamizo huvuja. Nafasi hiyo, ambayo katika injini nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, husetiwa kwa fila geji, yaani vibapa vya kupimia nafasi, kulingana na kitabu cha pikipiki, injini ikiwa baridi kabisa na pistoni ikiwa juu mwishoni mwa mgandamizo.

Mgandamizo ukibaki dhaifu hata baada ya tapeti kusetiwa, oili kidogo humiminwa katika tundu la plagi na kiki kupigwa tena: ukiongezeka, ringi za pistoni zimechakaa, usipobadilika, valvu hazifungi, na kazi ya kufungua silinda hedi inamhusu fundi mwenye vifaa.