Swichi pepe katika Linux: somo la vitendo na la istilahi

Mwanafunzi wa Lubumbashi husoma mitandao kwa Kifaransa, huandika amri za Kiingereza, kisha humweleza mwenzake kwa Kiswahili. Katika hatua hiyo ya tatu ndipo hujulikana kama ameelewa au amekariri tu. Makala haya yanaonyesha jinsi ya kuunda swichi pepe katika Linux, na yanauliza kama jina hilo linaifaa kazi yake.

1. Jina

Katika Kiswahili cha kila siku, swichi ni kitufe cha kuwashia taa. Katika mtandao, ni kifaa kinachopokea pakiti ya data, kikasoma anwani yake, kikaitolea kwenye mlango unaofaa. Neno «pepe» tumelizoea katika barua pepe. Huko linamaanisha kwamba barua husafiri bila karatasi, kana kwamba kwa upepo. Kwa hiyo msikilizaji anayeambiwa «swichi pepe» huweza kudhani ni mtandao usio na waya. Sivyo. Swichi hii ni programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta, na hewa haihusiki.

Swali la namna hii si geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walilazimika kuchagua neno kwa kila kitufe na kila menyu.

2. Kuunda

Tutatumia Open vSwitch, programu huria iliyotolewa mwaka 2009. Sehemu yake ya kubeba pakiti iliingizwa katika kiini cha Linux, toleo la 3.3, mwaka 2012. Kwenye Debian au Ubuntu husakinishwa kwa kifurushi openvswitch-switch. Amri zote zahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.

Linux huweza kugawa mtandao wa kompyuta moja katika vyumba vilivyotengana, kila kimoja kikijiona ni kompyuta kamili. Tuvipe majina ya komuni zetu, Katuba na Ruashi:

ovs-vsctl add-br sw0
ip netns add katuba
ip netns add ruashi

Sasa tunahitaji waya wa kiprogramu wenye ncha mbili: k0 iingie chumbani, k1 ichomekwe kwenye swichi:

ip link add k0 type veth peer name k1
ip link set k0 netns katuba
ovs-vsctl add-port sw0 k1
ip link set k1 up
ip -n katuba addr add 10.0.0.1/24 dev k0
ip -n katuba link set k0 up

Rudia amri hizi sita kwa Ruashi, ukitumia r0, r1 na anwani 10.0.0.2. Kisha jaribu:

ip netns exec katuba ping 10.0.0.2

Majibu yakirudi, swichi inafanya kazi.

3. Kuendesha

Hadi hapa swichi yetu haitofautiani na ile ya dukani. Tofauti huonekana tunapoiandikia kanuni:

ovs-ofctl add-flow sw0 "priority=100,icmp,nw_src=10.0.0.1,actions=drop"

Maana yake: pakiti ya ICMP, aina itumiwayo na ping, ikitoka Katuba itupwe. Hata Ruashi ikiita haitajibiwa, kwa sababu jibu nalo hutoka 10.0.0.1. Pakiti za aina nyingine huendelea kupita. Amri ovs-ofctl dump-flows sw0 huonyesha kila kanuni na idadi ya pakiti zilizoiangukia.

Ndani yake kuna kazi mbili. Pakiti ya kwanza ya mazungumzo mapya hupelekwa na kiini cha Linux kwa programu iitwayo ovs-vswitchd, nayo hutazama kanuni na kuamua. Uamuzi huwekwa ndani ya kiini, na pakiti zinazofuata hupita bila kuuliza tena. Ni kama mkuu wa stesheni na mfanyakazi anayegeuza reli: mmoja huamua, mwingine hupitisha.

Tahadhari mbili. Ukiandika ovs-ofctl del-flows sw0 bila kutaja kanuni ipi, unafuta zote, pamoja na ile ya msingi inayoiruhusu swichi kupitisha pakiti kwa kawaida. Kila kitu husimama. Pili, kompyuta ikizimwa na kuwashwa, swichi sw0 hubaki kwa kuwa imeandikwa katika hifadhidata yake, lakini vyumba, nyaya na kanuni ulizoandika hupotea. Ziweke katika faili ya amri ili uzirudishe.

4. Kurudi kwenye jina

Kinachoitambulisha swichi hii ni kwamba anayeamua ametenganishwa na anayebeba, na uamuzi huandikwa kama maneno yanayoweza kusomwa, kusahihishwa na kufutwa. Kukosa umbo la kushikika ni jambo la pili. «Pepe» husema hilo la pili na kunyamaza kuhusu la kwanza. Napendekeza «swichi ya kanuni». Ni refu kidogo, lakini linamwelekeza mwanafunzi mahali pa kutazama pakiti isipofika: kwenye kanuni, kabla ya nyaya.

Zoezi

Andika kanuni inayozuia Ruashi kupiga ping, kisha ieleze kwa sentensi tatu za Kiswahili bila neno la Kifaransa. Mwombe mwenzako aandike upya kanuni hiyo kwa kufuata sentensi zako tu. Linganisha kanuni hizo mbili.