Monita Moja kwa Kazi Mbili

Mwanafunzi apendaye kuchora kwa kompyuta, na kucheza michezo pia, kwa kawaida hana fedha za kununua monita mbili. Basi achague ipi?

Mchezaji hutaka kasi. Monita ya hezi 60 hubadili picha mara 60 kwa sekunde. Ya hezi 144, mara 144, na mwendo huonekana laini zaidi. Mchoraji hutaka rangi za kweli. Akichora kanga nyekundu kwa monita ionyeshayo rangi vibaya, kitambaa kitatoka kiwandani na wekundu asioutaka.

Zipo monita za aina ya IPS zenye sifa zote mbili. Ukienda kununua Lindi mjini, fanya hivi:

1. Simama upande wa monita. Rangi zikigeuka, iache.
2. Soma kama yatimiza rangi za sRGB, kipimo kilichobuniwa mwaka 1996.
3. Hakikisha kompyuta yako yaweza kutoa picha 144 kwa sekunde. Isipoweza, fedha ya kasi imepotea bure.

Fedha zisipotosha, tanguliza rangi. Mchezo wa polepole huchezeka, bali kanga iliyokosewa rangi haiuziki.