Kadi ya ndege na simu ya kitochi

Swali: Mwanangu wa Dublin anataka kunikatia KLM kutoka KIA hadi Amsterdam, kisha Ryanair. Anasema hawataki karatasi. Natumia kitochi! – Mama, Sokon I

Jibu: Shikamoo mama. KIA usihofu, kaunta ipo. Shughuli ni Ryanair: tangu 12 Novemba 2025 kadi zao ziko kwenye programu ya simu. Mwanao akikufanyia chekini mtandaoni mapema, uwanjani utapewa karatasi bure. Asipofanya utalipishwa, na si kidogo.

Ila mimi naogopa begi kuliko kadi. Tiketi hizo mbili hazijuani: begi utalichukua mwenyewe Amsterdam, na ukitoka kulifuata umeshaingia Uholanzi, kwa hiyo utadaiwa viza ya Schengen mbali na ya Ireland. Akukatie tiketi moja ya KLM mpaka Dublin, hata ikizidi bei.