Wenzo Nyuma ya Gari: Jinsi Uzito wa Tela Unavyogawanywa

Katika barabara kuu za Marekani na Kanada ni jambo la kawaida kuona pikapu ikivuta nyumba ya magurudumu, yaani tela lenye vitanda, jiko na tangi la maji, ambalo watu hulitumia katika safari za mapumziko. Likishapakiwa, tela la namna hiyo huweza kufikia tani mbili na nusu au zaidi. Baina ya gari na tela mara nyingi hufungwa kifaa chenye nondo mbili na minyororo miwili. Mtazamaji asiyekijua hudhani kwamba kazi yake ni kuzuia tela lisichomoke. Sivyo. Kazi yake ni kuyarudishia magurudumu ya mbele ya gari uzito ambao tela limeyanyang'anya. Katika makala haya tutaonyesha uzito huo huenda wapi na hurudishwaje, na hatutahitaji elimu nyingine ila kanuni ya momenti.

Aliyewahi kuvuta mkokoteni anajua kwamba shehena haipangwi katikati kabisa ya ekseli. Huelekezwa mbele kidogo, ili mipini ikandamize mikono. Ikielemea nyuma, mipini huinuka na mkokoteni huyumba. Ndivyo ilivyo kwa tela. Huko Marekani hutakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikandamize tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari. Tela likikosa uzito huo wa mbele huanza kuyumba kulia na kushoto linapokwenda kasi, na kuyumba huko huweza kulipindua pamoja na gari. (Uingereza wametosheka na asilimia 5 hadi 7, lakini mwendo wa karavani kwao hauruhusiwi kuzidi maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96. Ndiyo maana kifaa tunachokieleza ni nadra huko.)

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue tela la kilo 2,500 ambalo hukandamiza tufe kwa kilo 300, yaani asilimia 12. Tukikadiria kwamba kilo moja ina uzito wa nyutoni 10, kani hiyo ni nyutoni 3,000. Umbali kati ya ekseli mbili za gari uwe mita 3, na tufe liwe mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo ya nyuma ndiyo egemeo. Momenti ya tufe ni 3,000 × 1.25 = 3,750 nyutoni-mita. Ukigawanya kwa mita 3, utaona kwamba ekseli ya mbele imepungukiwa nyutoni 1,250. Ekseli ya nyuma imeongezewa 3,000 pamoja na hizo 1,250, jumla 4,250.

Wanafunzi wengi hushangaa: mzigo ni 3,000, iweje ekseli ibebe 4,250 zaidi? Jibu linaweza kuonekana mezani. Egemeza rula ya mita moja juu ya mizani mbili ndogo, penye alama za sentimita 10 na 70. Weka kilo moja penye sentimita 40, kisha soma mizani zote mbili. Halafu weka gramu 300 penye sentimita 95. Mizani ya kwanza itapungua gramu 125 na ya pili itaongezeka gramu 425. Vipimo hivi ni vya gari letu lenyewe, vikiwa vimepunguzwa.

Dereva hapaswi kuupuuza upungufu huo. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Tairi hushika barabara kwa kadiri inavyokandamizwa. Usukani ukiwa mwepesi kwenye kona yenye maji, sababu ni hiyo.

Kifaa chenyewe hufanya kazi hivi. Fikiri kwamba umechomeka mipini ya toroli nyuma ya gari, ukaiinua: nyuma ya gari itainuka, na mbele itakandamizwa. Mipini hiyo ndiyo nondo mbili za chuma cha springi zilizoshikizwa chini ya tufe. Ncha zake huvutwa juu kwa minyororo iliyofungwa kwenye fremu ya tela. Ikiwa kila nondo ina urefu wa mita 0.75 na kila mnyororo unavuta kwa nyutoni 2,000, momenti ni 2 × 2,000 × 0.75 = 3,000 nyutoni-mita.

Ekseli za tela zikiwa mita 5 nyuma ya tufe, momenti hiyo huziongezea 3,000 ÷ 5 = nyutoni 600. Kwa hiyo tufe hupunguziwa 600, likabaki na 2,400. Kwenye gari, momenti ya tufe sasa ni 2,400 × 1.25 = 3,000, na nondo zinaisawazisha kabisa. Ekseli ya mbele imerudi ilipokuwa. Ekseli ya nyuma imebaki na nyongeza ya 2,400, na zile 600 zimekwenda kwenye tela. Uzito wenyewe haukupungua hata kidogo, umehamishwa tu.

Mafundi hawahitaji mizani kubwa ili kurekebisha kifaa hiki. Gari na tela huwekwa mahali tambarare, vikiwa na shehena ile ile ya safari. Hupimwa kimo cha madigadi ya mbele kutoka ardhini mara tatu: gari likiwa peke yake, likiwa limefungiwa tela bila nondo, na nondo zikiwa zimekazwa. Tuseme vipimo viwili vya kwanza ni sentimita 90 na 93. Cha tatu kikiwa 91.5, nusu ya uzito imerudi. Kikiwa bado kikubwa mno, mnyororo hufupishwa pete moja, au kichwa cha kifaa huinamishwa nyuma zaidi. Ni kosa kudhani kwamba kukaza zaidi ni bora zaidi. Tairi za nyuma zikipunguziwa mno, nyuma ya gari huwa rahisi kuteleza nje ya kona. Baadhi ya watengenezaji wa magari hutaka nusu tu irudishwe, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Nondo iliyokazwa imehifadhi nishati. Ikiachiliwa ghafla huruka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Kwa hiyo, kabla ya kufungua minyororo, tela na nyuma ya gari huinuliwa pamoja kwa jeki mpaka minyororo ilegee.

Zoezi: Kwa gari na tela letu, minyororo ivute nyutoni 1,000 tu kila mmoja. Tafuta badiliko la uzito kwenye ekseli ya mbele, ya nyuma, na za tela.

Jibu: Mbele hupungua 625, nyuma huongezeka 3,325, tela huongezeka 300. Jumla ni 3,000.