Baiskeli ya Kaboni Ikianguka

Sisi wanafunzi wa Kampala tumezoea baiskeli ya chuma. Ikigonga jiwe, uma wake wa mbele ukapinda, kila mtu huona: gurudumu limerudi nyuma, na usukani hauendi sawa. Hupelekwa kwa fundi wa Katwe, naye huunyosha au huunga palipokatika, na kesho yake baiskeli imebeba matoke kama kwanza. Kazi hiyo si ya kusifiwa sana, lakini chuma kina desturi moja njema: aghalabu hupinda kwanza, ndipo kikatike.

Siku hizi, katika baiskeli zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya, zimo zenye uma wa kaboni, na nyingine ni kaboni fremu nzima. Mwenzetu mmoja aliazimwa ya namna hiyo na mjomba wake. Akiteremka kutoka Makerere kwenda Wandegeya, boda-boda ikamkatia njia, akaanguka. Yeye alichubuka goti tu. Baiskeli nayo ilikuwa na mkwaruzo mdogo katika uma, usiozidi urefu wa ukucha. Akafuta vumbi, akaazimu kuirudisha bila kusema neno.

Tulimzuia, na sababu ni hii. Kaboni hiyo si pande moja kama chuma. Ni nyuzi, kila uzi mwembamba kuliko unywele, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Kiwandani huzilaza kwa kufuata njia utakakopita mzigo, na huko zina nguvu ya ajabu. Lakini pigo la ubavuni, la jiwe au la ukingo wa barabara, ni jambo jingine. Tabaka huweza kuachana ndani kwa ndani, na rangi ya juu ikabaki inang'aa. Haipindi ikakuonya. Huenda ikakuchukua siku nyingi, kisha siku moja unateremka Namirembe, unashika breki, nayo ikakatika ghafula.

Basi, ukianguka, usiipande mpaka uitazame. Ioshe kwanza, maana tope huficha mengi. Tafuta ufa, bonde dogo au doa jeupe. Pitisha kitambaa cha pamba. Kikinaswa, pana nyuzi zilizokatika. Usipitishe kidole kitupu, vibanzi vyake huchoma kama miiba. Bonyeza kwa dole gumba: je, panabonyea? Kisha gonga kwa sarafu polepole, na kugonga mahali kama hapo upande wa pili. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Palipoachana hulia kama kibuyu kilichopasuka. Lakini sauti nzuri si hati ya uzima. Sharti uchomoe uma wote, utazame na mrija wake unaoingia ndani ya fremu.

Mrija huo ndio usahaulikao, hata ukiwa wa madini. Mwaka 2006, katika mashindano ya Paris-Roubaix huko Ufaransa, Mmarekani George Hincapie alianguka, akainuka, akaendelea. Baadaye mrija wa uma wake, uliokuwa wa alumini, ukakatika akiwa mbioni, akabaki na usukani mikononi, akaanguka akaumia bega.

Tulipouchomoa uma wa mwenzetu, tuliona ufa umezunguka karibu nusu ya shingo yake, mahali ambapo hapakuwa na mkwaruzo wowote.

Je, kaboni haitibiki? Fremu hutibika kwa fundi aliyejifunza kazi hiyo: huondoa palipoharibika mpaka akute nyuzi nzima, akalaza kitambaa kipya cha kaboni na gundi yake. Moto hauna kazi hapo, maana huiharibu gundi. Na mwenye kuziba ufa kwa gundi ya dukani na kupaka rangi juu, huyo anaficha tu. Uma na usukani ni afadhali kubadili.

Mjomba aliambiwa. Alinung'unika sana juu ya bei, kisha akanunua uma wa chuma wenye mrija wa kipimo kile kile. Ni mzito zaidi, lakini baiskeli yaenda. Ule wa zamani tuliukata vipande viwili kwa msumeno, nje uwanjani, tumejifunga pua na kuulowesha maji ili vumbi lake lisiruke. Tungeutupa mzima, ungeokotwa jalalani na kurudi barabarani kabla ya Jumapili.